Jeep inadai mipira minne, mfuko una pesa ya mmoja: nani analipa bei ya barabara ya Luhwindja?

Ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, mgodi wa Twangiza, ulio ndani ya cheferi ya Luhwindja katika teritware ya Mwenga, uko karibu kilomita 40 tu kusini-magharibi mwa Bukavu. Lakini gari haitembei juu ya ramani. Barabara inazunguka milima, inapita Walungu, inapanda, inashuka, na ndiyo maana hapa wasafiri wanahesabu masaa, hawahesabu kilomita. Kuanzia mwezi wa tisa paka mwezi wa tano, wakati wa mvua, gari ndogo ya mjini haiwezi kitu. Kazi inabaki kwa pikipiki, kwa malori, na kwa jeep za 4x4.

Juu ya hizo jeep watu wanaongea sana: bei ya nafasi, mizigo kupita kiasi, safari inayokatika katikati ya njia. Kitu kimoja hakiongelewi vya kutosha, ni mipira yake, ile ambayo wengine wanaita matairi. Shofere akipasua mpira, abiria wanamlaumu yeye. Mwenye gari anamlaumu shofere. Shofere analaumu barabara. Kumbe shida kubwa inakuja baadaye, siku ya kununua mpira wa kubadilisha. Barabara inaharibu mpira mmoja mmoja. Pesa nayo inaingia kidogo kidogo, ya mpira mmoja. Lakini chuma cha jeep kimetengenezwa ili kitembee na mipira minne inayolingana. Hapo ndipo hasara inaanza, na haiishii kwa mwenye gari.

Hesabu ya mpira mmoja mpya

Chukua mfano wa kipimo kinachoonekana kwenye Prado nyingi na Hilux nyingi: 265/70R16. Mpira mpya wa kipimo hicho una upana wa sentimita karibu 78 toka juu paka chini. Ukizunguka mara moja, unatembea karibu mita 2 na sentimita 44. Sasa chukua mpira wa kipimo kile kile, lakini ulioisha kulika milimita 6 kwenye meno yake. Huo ukizunguka mara moja unatembea mita 2 na sentimita 40 tu. Tofauti ni karibu sentimita 4, na kwa macho mtu anaweza kusema haina shida.

Lakini hesabu inaendelea. Ndani ya kilomita moja, mpira mpya unazunguka mara 409 hivi. Ule uliolika unazunguka karibu mara 416. Ni mizunguko 6 zaidi kwa kila kilomita. Kwa safari ya kilomita 80, tofauti inapita mizunguko 500. Mipira yote imefungwa kwenye gari moja na inafika fasi moja kwa saa moja. Ile tofauti lazima ibebwe na kitu fulani. Kinachobeba ni vyuma vya ndani: diferensheli, na ile bwate ya transferi inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Ndiyo maana huko ambako magari haya yanatengenezwa, mafundi wengi wanakataa kubadilisha mpira mmoja kwenye gari ya 4x4 kama ile mingine imelika sana. Wanadai mteja abadilishe mine. Hata huko Marekani na Ulaya wateja wananung'unika sana: mpira mmoja umekatwa na msumari, mitatu bado mizuri, na fundi anasema lipa ya mine. Tofauti ni kwamba mteja wa huko ana duka la kuchagua na malipo ya kugawa miezi mingi. Mtu wa Luhwindja ana pesa ya safari ya jana.

Jeep si zote sawa

Hapa kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawalitofautishi. Jeep ziko za aina mbili kubwa, na kila aina inateswa na mipira kwa namna yake.

Ya kwanza ni zile ambazo 4x4 inaingizwa kwa mkono, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile ngumu zinazotumiwa sana na hospitali, mashirika na misafara. Kwa siku ya kawaida zinasukumwa na mipira ya nyuma tu. Shofere akifika kwenye matope, anaingiza 4x4, na hapo mbele na nyuma zinafungwa pamoja kama kitu kimoja. Kwenye matope haina neno, sababu mpira ukibanwa unateleza kidogo na vyuma vinapumua. Kwenye udongo mgumu au lami, hauteleze. Kama mipira ya mbele na ya nyuma hailingani, na shofere amesahau 4x4 ikiwa ndani, vyuma vinajikaza, usukani unakuwa mzito, na siku moja kitu kinavunjika.

Ya pili ni zile ambazo 4x4 haitoki kamwe, iko ndani muda wote. Prado nyingi ziko hivyo, na RAV4 za zamani pia. Hizi ndizo watu wengi wanunua, sababu ni raha mjini na zinaweza kufika kijijini. Lakini kwa mambo ya mipira ndizo hazisamehe. Kuna diferensheli katikati inayofanya kazi kila saa, na kwenye baadhi ya RAV4 kuna kifaa chenye mafuta mazito ndani kinachosaidia kugawa nguvu. Mpira mmoja ukiwa mkubwa kuliko mingine, kifaa hicho kinapata joto kila kilomita, hata kwenye barabara iliyokauka. Hakitoi sauti siku ya kwanza. Miezi inapita, halafu gari inaanza kuguna kwenye kona, na fundi anapoifungua anakuta chuma kimelika. Mwenye gari anasema alinunua gari mbaya, kumbe alinunua mpira mmoja.

Soko linauza kile kilichofika

Mtu anaweza kuuliza: basi si waende Bukavu wanunue inayolingana? Jibu liko kwenye namna mipira inavyofika. Kivu ya Kusini haitengenezi mpira hata mmoja. Mipya na ile ya okazio, ni kusema iliyoisha kutumika nchi nyingine, inaingia kupitia bandari za mbali, sana sana Dar es Salaam na Mombasa, inapita Tanzania, Uganda au Rwanda, na kuvuka mpaka kwenye daraja la Ruzizi. Kila fasi inaongeza bei: usafiri, forodha, karatasi, mtu wa katikati. Mfanyabiashara hawezi kuagiza vipimo vyote, anaagiza vinavyouzwa haraka. Mwenye kipimo cha nadra anaambiwa achukue kinachofanana.

Kinachofanana si kinacholingana. 265/70R16 na 245/70R16 zote zinaingia kwenye janti ya inchi 16, lakini hazina urefu mmoja. Hata kipimo kile kile kutoka viwanda viwili kinaweza kupishana kidogo.

Okazio nayo ina mtego wake. Meno yanaweza kuonekana marefu, lakini kauchu yenyewe imezeeka. Kwenye ubavu wa mpira, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. Ndizo siku ya kuzaliwa ya mpira. 3219 inamaanisha ulitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Viwanda vikubwa vinashauri mpira usipite miaka 10, hata kama meno bado yako. Karibu na kipimo kuna namba nyingine ya kubeba uzito: 112, kwa mfano, ni kilo 1,120 kwa mpira mmoja. Mpira wenye namba ndogo unaweza kuwa wa bei nafuu, lakini kwenye jeep inayobeba watu kumi na magunia juu, utapasukia kwenye mteremko.

Magari yanayotumia 7.50R16, ule mpira mwembamba wenye mpira mwingine wa ndani, yana faida moja kubwa: kila kwado anajua kuufungua na kuushona, hata kijijini, kwa vyuma viwili na nyundo. Lakini janti zake zenye pete ya chuma ni hatari. Pete isipokaa vizuri, wakati wa kujaza hewa inaruka kama risasi, na inaweza kuua. Kujaza bila kufunga mnyororo au bila kugeuza pete iangalie chini ni kucheza na maisha.

Vita imefanya mpira uwe wa pesa mkononi tu

Hata kabla ya vita ya sasa, mpira wa jeep ulikuwa mzigo. Lakini tangu AFC/M23 iliingia Bukavu mwezi wa pili 2025, mabenki ya mji yalifunga milango na kiwanja cha ndege cha Kavumu kikasimama. Mfanyabiashara aliyezoea kutuma malipo kwa benki akabaki na dola za mkononi na malipo ya simu. Mteja naye hivyo hivyo. Deni, ambalo lilikuwa linasaidia mwenye gari kuchukua mipira minne na kulipa kidogo kidogo, limekuwa gumu: nani atakopesha mtu ambaye kesho barabara yake inaweza kufungwa na mapigano?

Halafu kuna vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu mbili. Vinabadilika, vingine vinafungwa, vingine vinafunguliwa, mwenye kusimama pale anabadilika. Kwa mwenye jeep hesabu haibadiliki: pesa inayoachwa kwenye kizuizi ni ile ile ingeenda kwenye mpira. Analipa mara mbili kwa barabara moja, mara ya kwanza kwa mtu anayeifunga, mara ya pili kwa jiwe linalokata mpira.

Bei inaishia kwa nani

Tuseme, kwa mfano tu, mpira mpya ni dola 150. Mine ni dola 600. Kama barabara ni nzuri kiasi na mipira inadumu safari 100 za kwenda na kurudi, kila safari inakula dola 6 za mpira. Barabara ikiharibika na mipira ikadumu safari 50, kila safari inakula dola 12. Zile dola 6 zilizozidi hazitoki hewani. Zinagawanywa kwenye nafasi ya abiria na kwenye gunia.

Mama anayepeleka maharagwe sokoni hawezi kuongeza bei Bukavu, sababu kule anakutana na maharagwe yaliyotoka pengine. Kwa hiyo anapunguza kile anachobaki nacho. Ukirudi, chumvi, sabuni na dawa zinapanda bei kwa sababu ile ile. Mtu ambaye hajawahi kumiliki gari, hata pikipiki, analipa mpira wa jeep kila siku ya soko.

Kwa mambo ya afya ni zaidi ya bei. Mwaka 2023, aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, ndani ya teritware hii hii ya Mwenga, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Dunia nzima ilitaja jina la Kamituga, lakini wahudumu, dawa na vipimo vilitegemea barabara hizi hizi za udongo. Mara nyingi ambulansi inakuja kama zawadi, na siku ya kuikabidhi watu wanapiga makofi. Bajeti ya mipira yake haiko kwenye karatasi ya zawadi. Mipira ya kwanza ikiisha, muuguzi anaanza kutafuta wa okazio, mmoja mmoja. Mama mwenye uchungu wa kuzaa haulizi kama bwate ya transferi imelika. Anauliza kama gari itafika.

Barabara ina wenyewe

Hakuna fundi anayeweza kushinda barabara mbaya. Na barabara, kwa sheria, ina wenye kuwajibika. Office des Routes ndiyo inasimamia barabara kubwa za taifa. Mwaka 2008 sheria ilianzisha FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, unaokula kwenye mafuta ya gari na kwenye malipo ya kupita. Kila litre ya mazuti inayonunuliwa kwa njia ya sheria ilipaswa kurudisha kitu kwenye barabara.

Luhwindja ina jambo lingine la kudai, dhahabu. Kampuni ya Kanada Banro ilianza kutoa dhahabu Twangiza mwaka 2011 na ikasimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya usalama, kisha mgodi ukapita kwa wengine. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kodi ya madini igawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenyewe, ni kusema cheferi au sekta, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Sheria hiyo haikusema mvua ikinyesha barabara iachwe. Wakati wa vita ni vigumu kudai, lakini hesabu inapaswa kuwekwa na kukumbukwa, ili siku amani ikirudi watu wajue cha kuuliza na cha kumuuliza nani.

Kile kinachoweza kufanywa leo

Pamoja na hayo, wenye jeep, mashofere na vituo vya afya wana vitu vya kufanya bila kungoja Kinshasa wala mtu yeyote.

Kwanza, kupima. Metre ya mshonaji inatosha. Zungusha kwenye kila mpira, katikati ya meno, ukiwa na hewa sawa yote minne. Andika namba nne. Kwenye gari ambayo 4x4 yake haitoki, tofauti ikipita sentimita moja hivi, tayari ni hatari kwa vyuma. Kwenye ile ya mkono, inayolingana iwekwe pamoja: miwili mbele, miwili nyuma, na 4x4 itolewe mara tu matope yakiisha.

Pili, kuhesabu mitano, si mine. Wengi wanafunga mpira wa akiba nyuma na kuusahau miaka mitatu. Siku unahitajika, ni mpya kati ya iliyochakaa, na ndio unaovunja gari. Afadhali mpira wa akiba uingie kwenye mzunguko kila kilomita 10,000 hivi, ili yote mitano ilike pamoja. Mmoja ukikatwa, wa akiba unalingana.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito, kuunganisha mipira. Watu wa hapa wanajua likelemba. Wanajua AVEC, vyama vya kuweka na kukopeshana. Namna hiyo hiyo inaweza kufanya kazi kwa kauchu. Jeep kumi zinazotumia kipimo kimoja zikikubali kuwa na stoo moja, mpira ukipasuka kwenye moja, ile mitatu iliyobaki haigeuki hasara: inatafutiwa wa nne uliolika kiasi kile kile. Mipya inanunuliwa mine kwa mara moja, kwa pesa ya wote, inaenda kwenye gari iliyo na zamu. Hata bei inaweza kushuka, sababu mfanyabiashara anayejua kwamba wateja kumi wanataka kipimo kimoja ana sababu ya kukileta. Ambulansi ya kituo cha afya ikiingia kwenye stoo hiyo, haitangoja zawadi ya pili. Kinachohitajika ni daftari, mtu mwaminifu wa kulishika, na kukubaliana juu ya kipimo kabla ya kununua gari, si baada.

Nne, salongo kwenye fasi mbaya. Mifereji miwili ikifunguliwa kabla ya mvua ya mwezi wa tisa, maji yanapita pembeni badala ya kukata barabara. Mawe makali yakitolewa kwenye mteremko mmoja, mipira mingi inapona. Kazi hiyo haiondoi deni la FONER wala la mgodi. Inapunguza tu kile kinachotoka kwenye mfuko wa mama wa maharagwe wakati deni hilo linangojwa.

Yote haya hayafanyi barabara iwe lami. Lakini mtu anayenunua mpira mmoja peke yake, mara kwa mara, kwa bei ya mtu aliye na haraka, atalipa zaidi kuliko wale wanaonunua mine kwa pamoja, na abiria wake watalipa naye. Kabla ya mvua kuanza tena, jambo la kwanza la kuuliza kwenye kituo cha jeep si mpira unauzwa bei gani. Ni wangapi hapa wanatumia kipimo kimoja.